Asili Iliyoletwa na Vita: Dhidi ya Dai la Usafi katika Sanaa ya Ukambani

Katika hotuba za siku za utamaduni, katika vitini vya shule, katika vijitabu vya watalii na hata katika utangulizi wa maonyesho ya sanaa mjini Nairobi, hurudiwa dai moja kwa sauti ya watu wasiotarajia kupingwa: kwamba msanii ni mtoto wa mahali fulani, kwamba mahali hapo pana kiini kisichobadilika ambacho wazee walikitunza, na kwamba kazi ya msanii ni kukichota kiini hicho na kukiweka mbele ya macho ya watu kabla hakijakauka. Kwa mujibu wa dai hili, hisia ya mahali, yaani namna mtu anavyojua na kuona moyoni kwamba hapa ni hapa wala si pengine, hupatikana kwa kukaa na kurithi. Kumbukumbu ni ghala. Na utamaduni wa wenyeji ni nafaka iliyomo ghalani, ambayo soko, mji na mgeni ni panya wake.

Dai hili halikuzuka bure, na anayelipinga hana budi kulieleza kwa haki kwanza. Wamisionari wa African Inland Mission walipofika Nzaui mwaka 1895 walianzisha kazi ambayo katika miongo iliyofuata iliwafundisha waumini wa Ukambani kuona aibu ngoma zao wenyewe, ikiwemo kilumi, ngoma ya wanawake inayohusishwa na pepo na kuombea mvua. Shule nazo zikaendeleza somo hilo kwa fimbo. Mtu aliyeona wazee wakizikwa pamoja na hadithi zao, kisha akamwona John Mbiti akizikusanya na kuzichapisha katika *Akamba Stories* mwaka 1966, ana sababu ya kuamini kwamba kuhifadhi ni kuokoa. Hofu ya kupotelewa ni halali. Kinachopingwa hapa ni hitimisho linalotolewa kutokana na hofu hiyo, kwamba sanaa yenye mahali ni ile isiyotoka, isiyochanganyika na isiyouzwa.

Pa kulipimia dai hili ni Masii, mji wa soko ulio kwenye barabara itokayo Machakos kuelekea Kitui, kabla ya msafiri kufika Wamunyu. Masii inafaa kwa sababu haina mandhari ya kadi za posta: ina maduka, matatu, makanisa, shule na mashamba yenye matuta, na iko jirani na Wamunyu, kijiji ambacho Kenya nzima hukitaja kila panapohitajika mfano wa ufundi wa jadi uliobaki kama ulivyokuwa. Ikiwa dai la usafi haliwezi kusimama kwenye barabara hii, ni vigumu kuona litasimama wapi.

Kwanza: urithi wenye tarehe

Uchongaji wa vinyago wa Wamunyu hutajwa kama sauti ya mababu, ilhali babu mwenyewe anajulikana kwa jina na kwa kipindi. Mutisya Munge aliandikishwa katika jeshi la wapagazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akapelekwa Tanganyika, na huko akajifunza kuchonga sanamu kwa wachongaji ambao masimulizi mengine huwaita Wazaramo na mengine Wamakonde. Aliporejea Wamunyu baada ya vita alichonga, akauza, akawafundisha jamaa na majirani, na mwanauchumi Walter Elkan alipoichunguza biashara hiyo katika makala ya mwaka 1958 aliukuta mnyororo mrefu wa wachongaji, wachuuzi na wanunuzi wa kigeni ambao chimbuko lake lilikuwa mtu huyo mmoja. Wakamba walikuwa mafundi kabla ya hapo, na viti vya wazee vya miguu mitatu vilivyonakshiwa kwa nyaya na shanga vinatosha kuthibitisha hilo. Lakini twiga, tembo na morani waliojaa kwenye rafu za maduka hawakutoka kwenye kiti cha mzee.

Kwa hiyo sanaa inayouzwa kama pumzi ya kale ni changa kuliko reli ya Uganda, ambayo ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Ilizaliwa na vita vya wazungu, ikafundishwa na watu wa pwani ya nchi nyingine, na tangu siku zake za mwanzo ikamlenga mnunuzi wa kutoka nje. Masharti yote matatu ya usafi yalivunjwa siku ileile ya kuzaliwa, na bado mtoto anaitwa asili.

Watetezi wa uasilia wana jibu, nalo si la kijinga: wanasema ufundi huo uliingia mikononi mwa Wakamba ukawa wao, ukapata mitindo yake na watoto wake. Jibu hilo ni kweli, ila linaangusha nyumba nzima ya anayelitoa. Ikiwa kitu kilichoazimwa baada ya mwaka 1914 kinaweza kuwa cha Wakamba kwa sababu Wakamba wamekifanyia kazi, basi hakuna msingi wa kumkatalia kijana wa Masii anayechora kwa kompyuta, anayepiga picha za video au anayeunganisha vyuma chakavu kuwa sanamu. Mahali fulani kati ya Mutisya Munge na kijana huyo saa ilisimamishwa, wala hakuna anayeweza kusema nani aliisimamisha na kwa mamlaka gani. Inashangaza kwamba serikali ya kaunti ilipotaka kukuza filamu Machakos iliuita mpango huo Machawood, jina lililokatwa kutoka kitambaa cha California, na wahubiri wa uasilia hawakuona lolote la kulalamikia.

Pili: ghala ambalo mnunuzi ndiye mwenye ufunguo

Kumbukumbu, inasemekana, huhifadhiwa katika sanaa ya wenyeji. Basi na lifunguliwe ghala, ionekane kilichomo. Jeshi la wapagazi lililompeleka Mutisya Munge pwani liliua makumi ya maelfu ya Waafrika, wengi wao kwa magonjwa na uchovu, na likaacha jina lake Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Mwaka 1938 utawala wa kikoloni ulipoanza kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, kwa kisingizio cha mmomonyoko wa udongo, maelfu ya watu wa Machakos waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa, na kambi hiyo ilikuwa Kariokor hiyohiyo. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Matukio haya mawili, jeshi na maandamano, yaligusa nyumba za Ukambani kwa kina kuliko simba yeyote aliyewahi kuonekana kwenye mbuga za Athi.

Hata hivyo, anayetembea kwenye maduka ya vinyago hakuti mpagazi aliyelemewa na mzigo wala ng'ombe aliyetiwa alama ya kuuzwa kwa lazima, hukuta kifaru. Mchongaji hastahili lawama kwa hilo, kwa kuwa mtu hulisha watoto kwa kile kinachonunuliwa, na kifaru hununuliwa. Lawama ni ya anayeitazama rafu hiyo na kuiita kumbukumbu ya jamii. Kilichohifadhiwa pale ni kumbukumbu ya mgeni kuhusu Afrika aliyoiwaza kabla hajapanda ndege, ikachongwa kwa ustadi wa Kikamba na kuuzwa tena kwake.

Nadharia nayo imetumiwa kuipa hali hii heshima isiyostahili. Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alidai katika *African Religions and Philosophy* ya mwaka 1969 kwamba fikra za Kiafrika huutazama wakati kwa pande mbili, sasa na zamani, huku wakati ujao wa mbali ukiwa karibu haupo, na sehemu ya ushahidi wake aliitoa katika njeo za vitenzi vya Kikamba. Wanafalsafa wengine, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga kwa hoja nzito. Lakini dai hilo lilishatoka vitabuni na kuingia majukwaani, ambako limegeuka kuwa amri: Mwafrika huangalia nyuma, kwa hiyo msanii wake aangalie nyuma. Waandamanaji wa 1938 hawakwenda Nairobi kuangalia nyuma. Walidai mifugo ambayo watoto wao wangeihitaji.

Tatu: mahali ambapo hapakukaa palipokuwa

Nguzo ya tatu ya dai la usafi ni ardhi yenyewe. Inadhaniwa kwamba hata kama watu wanabadilika, kilima, mti na udongo vinabaki, na msanii akivitazama kwa unyenyekevu vitampa ukweli usiozeeka. Yeyote anayesema hivyo kuhusu Machakos hajaitazama Machakos. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti iliyoionyesha hifadhi ya Wakamba kama nchi inayokufa, udongo ukichukuliwa na maji na vilima vikibaki uchi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha *More People, Less Erosion*, kitabu kilichofuatilia wilaya hiyohiyo toka miaka ya 1930 hadi 1990 na kuonyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka karibu mara sita huku mmomonyoko ukipungua, kwa sababu wakulima walichimba matuta, wakapanda miti, wakauza mazao mjini na kutumia mishahara ya ndugu walio Nairobi na Mombasa kununulia majembe na kulipia vibarua. Wataalamu wamejadili mengi kuhusu kitabu hicho, hasa iwapo mafanikio hayo yaliwafikia maskini kwa usawa, lakini matuta yenyewe hayana ubishi: yanaonekana.

Mandhari anayoyaona mchoraji akisimama Masii leo ni jengo, na waliolijenga ni vikundi vya mwethya, yaani makundi ya majirani wanaofanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja, ambavyo wanawake ndio walikuwa wengi ndani yake. Matuta mengi ya awali yalichimbwa kwa shuruti ya wakoloni na kuchukiwa kwa haki. Ya baadaye yalichimbwa kwa hiari na kuboreshwa. Mchoraji anayeyafuta matuta hayo kwenye turubai ili abaki na kilima kitupu, nyumba ya nyasi na mbuyu mmoja anafuta kazi ya bibi yake mwenyewe kwa jina la kumheshimu.

Miti nayo ina pasipoti. Mpingo na muhugu, miti ambayo sifa ya vinyago ilijengwa juu yake, ilikatwa mpaka ikaadimika, na tangu miaka ya 1990 watafiti na vyama vya wachongaji wamekuwa wakihimiza matumizi ya miti inayokua haraka mashambani: mwarobaini na mwembe, yote yenye asili ya Asia, mjakaranda kutoka Amerika ya Kusini, na mgrevilea kutoka Australia. Mwanamke wa Ukambani anayesuka kiondo, ambacho zamani kilitengenezwa kwa nyuzi za mbuyu na magome ya miti ya porini, kwa kawaida hutumia katani, zao la Mexico ambalo Richard Hindorf alilileta Tanganyika mwaka 1893. Kwa kipimo cha usafi, kiondo ni cha Wamexico, kinyago ni cha Wahindi, na Mkamba amebaki na vidole tu. Huo ndio upuuzi unaofikiwa na anayedhani mahali ni orodha ya vitu badala ya kazi inayofanywa juu ya vitu hivyo.

Nne: waliotoka

Husemwa pia kwamba msanii aliyehama amekatika, na kwamba kazi yake, hata ikiwa nzuri, haina udongo. Kakai Kilonzo na bendi yake ya Les Kilimambogo Brothers walibeba jina la mlima wa nyumbani kwao wakarekodi Nairobi, kwa mtindo wa benga ambao magitaa yake yalikomaa Nyanza, na kwa Kikamba na Kiswahili pia; jina la mlima lilitamkwa na wasikilizaji ambao wasingeweza kuuonyesha kwenye ramani, na hadi kifo chake mwaka 1987 hakuna Mkamba aliyelalamika kwamba hakusikia nyumbani ndani ya nyimbo hizo.

Mwandishi David Maillu ni mfano mgumu zaidi kwa watetezi wa uasilia, ndiyo maana humtaja kwa shida. Mwaka 1972 alitoa *Ki Kyambonie* kwa Kikamba. Miaka miwili baadaye akatoa *After 4.30*, kitabu cha Kiingereza kuhusu makarani wa kike na mabosi wao katika ofisi za Nairobi, ambacho kiliuzwa sana na kuwaudhi wengi. Na mwaka 1989 akatoa *Without Kiinua Mgongo*, ambamo Kiingereza na Kiswahili vinapokezana ndani ya sentensi kama vinavyopokezana ndani ya matatu. Ni kipi kati ya vitabu hivi kina mahali? Kwa anayehesabu mahali kuwa kijiji, ni cha kwanza pekee. Lakini maelfu ya watu wa Ukambani walikuwa wakiishi ndani ya ofisi na vyumba vya kupanga vya Nairobi, wakituma fedha nyumbani kuchimba yale matuta. Wasipoandikwa, nusu ya Ukambani haijaandikwa.

Kyallo Wadi Wamitila alikwenda mbali zaidi. Katika riwaya yake *Bina-Adamu!* ya mwaka 2002 msafiri anatoka kijijini kutafuta chanzo cha masaibu ya kijiji hicho, akakuta kwamba jibu haliko kijijini, limetawanyika katika dunia inayojiita kijiji kimoja huku ikiwa na mabwana na watwana. Msomaji anayetafuta humo vibuyu na ngoma atatoka mikono mitupu, akidhani mwandishi amesahau kwao. Riwaya inamwonyesha kwamba kijiji ambacho bei ya mazao yake hupangwa pengine hakiwezi kuelezwa kwa kukitazama chenyewe peke yake.

Tano: anayelipa

Dai la usafi lingekuwa kosa la kielimu tu lau lisingekuwa na bili, na bili hiyo hupelekwa kwa msanii. Sehemu yake ya kwanza ni jina. Mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir alionyesha mwaka 1992 kwamba uasilia wa sanaa ya Afrika hutengenezwa kwa kiasi kikubwa na wakusanyaji wa nje, na kwamba kutojulikana kwa msanii ni sehemu ya kinachowavutia: kitu kisicho na mtengenezaji huonekana kimetoka kwa kabila zima, tena kimetoka zamani. Mchongaji akisaini, anakuwa mtu mmoja wa leo, na bei ya hekaya inashuka. Basi kinyago kinabaki na kibandiko cha Wakamba, na mtu aliyekaa chini ya mwembe na tezo na patasi siku nzima, kisha akamkabidhi mkewe au mwanawe kipande akipige msasa na kukisugua kwa rangi nyeusi ya viatu ili kifanane na mpingo, anafutika. Rangi hiyo ya viatu ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote katika biashara hii; inaonyesha wazi ni kiasi gani cha ukale mnunuzi amekuja kununua.

Sehemu ya pili ni kazi yenyewe. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, huwaonyesha wageni ngoma za jamii mbalimbali, ya Wakamba yenye sarakasi ikipendwa mno, na wachezaji wake ni wataalamu walioajiriwa ambao hucheza ngoma za jamii zisizo zao kwa ustadi uleule. Hakuna ubaya wowote hapo. Ni ukumbi na ni kazi. Ubaya huanza pale mchezaji wa Masii anapoambiwa kwamba akibuni hatua mpya ameharibu urithi, ilhali mwajiriwa wa jijini aliyejifunza ngoma hiyo kwenye mazoezi anasifiwa kwa kuuhifadhi. Usafi, kumbe, ni sharti la anayekaa kijijini tu.

Sehemu ya tatu ni sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, kisha katika Jedwali la Nne inazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni ndani ya kipengele kimoja na kamari, kasino na leseni za pombe, jambo ambalo linaeleza mengi kuhusu mahali ambapo msingi huo umewekwa. Sheria Na. 33 ya mwaka 2016, inayolinda maarifa ya jadi na ubunifu wa kitamaduni, iliongeza daftari: ubunifu unaolindwa ni ule uliozalishwa na kurithishwa katika mazingira ya jadi, unaohusishwa waziwazi na jamii fulani, na mwenye haki ni jamii. Nia yake ni kuwazuia wageni kunyakua, nayo ni nia njema. Lakini karani wa Machakos atakayeandikisha vinyago vya Wamunyu itabidi aandike ufundi huu ni wa nani. Akiandika Wakamba, wachongaji Wazaramo wa Kisarawe watakuwa na kila sababu ya kuuliza mwalimu wa Mutisya Munge ameandikwa ukurasa gani. Akiandika Wazaramo, wachongaji wa Wamunyu watahitaji ruhusa ya watu wengine ili waendelee na kazi ya baba zao. Na akiandika Wamakonde, ugomvi utaanza upya upande wa pili wa mto Rufiji. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ingemwondolea karani huyo mzigo wote, kwa kuwa hiyo hulinda kazi ya mtu aliyeitengeneza. Ila ili mtu huyo aidai haki hiyo, inabidi kwanza ajulikane kwa jina.